Kutoka Sandarusi Hadi Kopo la Rangi: Historia ya Kazi Yetu ya Fanicha

Kamati ya kijitabu hiki ilipogawa kazi, wengine walipewa kuandika habari za hisa, wengine mikopo, wengine mfuko wa jamii. Sisi tunaoshinda uani na brashi mkononi tukaambiwa tuandike historia ya fanicha. Tulicheka. Fanicha kuukuu ina historia gani zaidi ya kununuliwa, kusuguliwa, kupakwa rangi na kuuzwa? Lakini tulipokaa na wazee, na tulipouliza kwa watu waliosoma, tukaona kumbe kazi yetu haikuanza siku ile tulipopakia viti sita kwenye mkokoteni. Ilianza zamani sana, tena hapa hapa kwetu.

Wengi wetu tunaishi Temeke, si mbali na Keko ambako mafundi seremala wamejaa kando ya barabara. Sasa chukua ardhi yote hii ya pwani, toka Bagamoyo kwenda Rufiji hadi Kilwa. Chini ya mchanga wake mwekundu kulikuwa na mali iitwayo sandarusi. Ni utomvu wa mti wa msandarusi uliodondoka zamani mno; miti yenyewe ikafa ikaoza, utomvu ukabaki ardhini ukawa mgumu kama jiwe, rangi yake ya asali. Ukiuosha unauona umejaa vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Wachimbaji, wengi wao Wazaramo, walichimba vishimo vifupi, wakaokota, wakauza kwa wachuuzi, na wachuuzi wakaivusha kwenda Unguja. Ule utomvu mbichi uliotoka mtini moja kwa moja uliitwa chakazi na bei yake ilikuwa ndogo. Wafanyabiashara wa Kizungu neno hilo liliwashinda, wakaligeuza likawa "jackass", yaani punda. Basi katika vitabu vyao kukawa na sandarusi ya kweli na sandarusi ya punda!

Ilikuwa ikienda wapi? Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, mjumbe wao akiwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaanza kazi ya ukonseli Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, na ndiyo asili ya neno letu merikani, nazo zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Ikishasafishwa iliyeyushwa kwenye moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, kisha ikazimuliwa kwa tapentaini. Hapo imekuwa vanishi. Sandarusi ya Zanzibar, kama walivyoiita ingawa nyingi ilitoka bara upande huu wetu, ilihesabiwa miongoni mwa zile ngumu kuliko zote duniani, na vanishi yake ilipakwa kwenye magari ya farasi na kwenye fanicha za watu wenye uwezo.

Tulipoelezwa habari hiyo mmoja wetu alisema, "Kwa hiyo meza zao ziling'aa kwa jasho la bibi zetu, na sisi leo tunanunua meza zao zikiwa zimechakaa." Tulicheka, lakini kwa hakika ndivyo ilivyo.

Baadaye biashara ile ikafifia. Kulikuwa na utomvu wa mti wa kauri kutoka New Zealand, ambao ulipatikana kwa wingi, na kuanzia miaka ya 1920 wakemia wakatengeneza utomvu wa kiwandani unaoitwa alkidi. Huo alkidi ndio uliomo katika rangi ya mafuta tunayoinunua dukani hadi leo. Ukifungua kopo ukasikia ile harufu inayopanda kichwani, ujue ndiyo iliyokuja kuchukua nafasi ya sandarusi.

Kuna watu, tena wengine ni waume zetu, waliotukejeli mwanzoni wakisema kupaka rangi mbao ni kuharibu, kwamba mbao ya heshima haipakwi rangi. Tunapenda kuwajibu kwa adabu. Nendeni Lamu, au Unguja mjini, mkaangalie vitanda vya kizamani vyenye miguu ya kukereza. Ile miguu ina pete za rangi: nyekundu, nyeusi, njano. Fundi alikuwa akizungusha mguu kwenye kerezo, huku amebonyeza kijiti cha laka ya rangi juu yake. Joto la msuguano linaiyeyusha laka, inaganda kwenye mbao na kung'aa. Laka yenyewe hutokana na wadudu wadogo wa India wanaotoa utomvu kwenye matawi ya miti. Kiti cha enzi ni kweli hakikupakwa rangi, hicho kilipambwa kwa kuchomekwa vipande vya mfupa au pembe ndani ya mbao nyeusi. Lakini kitanda cha bibi harusi kilikuwa na rangi, na hakuna aliyesema kimeharibiwa.

Wakati wa Waingereza ikaja fanicha ya serikali. Wazee wanaiita fanicha ya PWD, kwa jina la ile Idara ya Ujenzi iliyokuwa ikiitengeneza kwa nyumba za watumishi. Ilikuwa mizito, mipana, haina urembo: viti vya mikono mipana ya kuwekea bilauri, makabati yenye droo zisizokwisha. Mbao zake zilikuwa mvule na mninga, na ndiyo maana hadi leo ukivipata vingine havina hata tundu la mdudu. Wengi waliokuja kupanga katika nyumba hizo baada ya Uhuru walivikuta, wakavitumia, na vilipofutwa kwenye vitabu vya serikali vikauzwa kwa mnada. Halafu mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutaifisha majumba, na baadhi ya familia za Kihindi zilizokuwa zikikaa mjini ziliondoka nchini. Wazee wetu wanasimulia walivyonunua makabati ya vyombo yenye vioo kutoka kwa watu waliokuwa wakifunga mizigo.

Miaka ya shida hatuna haja ya kuisimulia sana, waliokuwepo wanaijua. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa matupu. Sabuni kwa foleni, unga kwa foleni. Nani angepata rangi? Mmoja wa wanachama wetu wakubwa kwa umri anakumbuka kwamba rangi iliyopatikana mtaani kwao ilikuwa ile iliyobaki baada ya kupaka jengo la ofisi, rangi ya kijivu, na mtaa mzima ukawa na makabati ya kijivu, meza za kijivu, hata vitanda. "Ukiingia nyumba ya jirani unadhani uko zahanati," anasema. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye wakati wa Mzee Ruksa, vitu vikaanza kuonekana. Ikaingia mitumba ya nguo, ikafuata fanicha zilizotumika, na nyuma yake zikaja zile za maganda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, ambazo ukimwagia maji tu zinavimba kama andazi. Lakini kumbukeni hilo kabati la kijivu. Tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Kikundi kilianza na wanachama 22, hisa ikiwa shilingi 2,000, na sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukicheza upatu. Mwaka 2017 tukaona fedha inakaa sandukuni bila kuzaa, ndipo mwenyekiti wetu wa wakati ule akaleta wazo: tununue fanicha za mnadani, tuzifanye upya, tuuze. Tulinunua viti sita na meza moja kwa shilingi 150,000. Hatukujua lolote. Tulipangusa vumbi kwa kitambaa, tukapaka rangi ya mafuta nyeupe inayong'aa, mikono miwili kwa siku moja. Jamani vilipendeza! Mteja akavichukua kabla havijakauka vizuri. Wiki ya tatu alirudi amekunja uso, ameshika mkononi ganda la rangi refu kama ganda la ndizi. Rangi ilikuwa imebanduka yote, na chini yake polishi ya zamani inatuangalia.

Tulirudisha fedha. Kufundishwa tulifundishwa na mzee mmoja seremala, kwa malipo ya chai na vitumbua. Akatueleza kwamba rangi haishiki juu ya mafuta wala nta, na kwamba kiti cha miaka 40 kimepakwa nta, kimeshikwa na mikono yenye mafuta ya nazi, kimefutwa kwa mafuta ya taa. Kwanza unakiosha kwa maji ya sabuni na magadi, unakisuuza, unakiacha kikauke siku mbili. Mashimo unaziba kwa puti. Kisha msasa, kuanzia ule mkali namba 80 pale palipoharibika, halafu 120, mwisho 240, daima kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Lengo la msasa si kufika kwenye mbao, ni kuondoa ule mng'ao ili rangi ipate mahali pa kushika. Halafu unapaka rangi ya kutangulizia, nyepesi, na kuipa usiku kucha. Ndipo rangi yenyewe, mikono miwili au mitatu myembamba badala ya mmoja mnene, na kila mkono ukikauka unapita na msasa laini. Akatuonya vilevile kuhusu masika: hewa ikiwa na unyevu rangi ya mafuta inabaki inanata siku nyingi, na vumbi lote la mtaa linakuja kukaa juu yake. Tangu siku hiyo mwezi wa nne hatuchukui oda kubwa.

Baadaye tulijifunza habari za rangi za maji, na pia kwamba kule Uingereza mama mmoja aitwaye Annie Sloan alianza mwaka 1990 kuuza rangi aliyoibuni mwenyewe, yenye sura kavu ya chaki, na kazi ya kupaka fanicha kuukuu ikawa mtindo mkubwa nchi za nje. Sisi tulifurahi kusikia ni mwanamke. Rangi yake bei yake hatuiwezi.

Kufika 2019 kazi ilikuwa imeshika. Tulikuwa na wateja wa Mbagala, Kigamboni, hata Mbezi. Ndipo yakatokea mambo ambayo baadhi ya wanachama hawakutaka yaandikwe humu. Tulijadiliana mikutano miwili, na tukakubaliana yaandikwe.

Tulikuwa tumenunua vitanda vya watoto tisa, vya zamani, vimepakwa rangi njano na kijani iliyokolea. Wakati huo huo shule moja ya chekechea ilitupa kazi ya kufanya upya mabenchi yao 20, na ilikwishalipa nusu. Tulikuwa tunakwangua rangi ile kavu kwa kisu na msasa, uani, watoto wetu wanacheza pembeni, vumbi la njano limetanda mpaka kwenye sufuria. Mwanachama mwenzetu ambaye ni muuguzi alikuja kulipa hisa yake. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Toeni watoto hapo. Sasa hivi."

Alitueleza kwamba rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na kijani, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ile ile ya bunduki. Risasi ikiingia mwilini kwa vumbi au kwa mtoto kutafuna ukingo wa kitanda, inadhuru ubongo, na watoto wadogo ndio wanaoinyonya zaidi kuliko watu wazima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Haiumi siku hiyo, haina harufu. Mtoto anakuja kushindwa darasani na hakuna anayejua kwa nini.

Na si jambo jipya, hilo ndilo lililotuuma. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1921 kuhusu rangi nyeupe ya risasi, na kifungu chake kimoja kilikataza vijana wa chini ya miaka 18 na wanawake wote kufanya kazi za kiwanda za kupaka rangi hiyo. Mwaka 1921! Sisi bibi zetu walikuwa hawajazaliwa wengine. Marekani waliikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Viwango vya Afrika Mashariki vya sasa vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika milioni, lakini kiwango cha leo hakiwezi kuitoa rangi iliyokwisha kupakwa juu ya kitanda miaka 30 iliyopita.

Usiku ule kulikuwa na mkutano wa dharura, na haukuwa mkutano mzuri. Wapo waliosema muuguzi anatutisha, kwamba sisi wenyewe tulikulia kwenye nyumba hizo hizo na hatukufa. Wapo waliosema fedha ya chekechea imekwisha liwa, itarudishwa na nini? Vitanda viwili vilikuwa vimeshauzwa, kimoja kwa mkwe wa mmoja wetu, na mjukuu alikuwa akilala humo. Tulipiga kura: 13 kwa 9, kazi isimame. Vitanda viwili tulivifuata nyumbani kwa wateja tukavirudisha na kulipa fedha yao, fedha ya chekechea tukairudisha kwa awamu tatu, na gawio la mwaka ule likawa nusu ya lile tulilotegemea. Wanachama wanne waliondoka. Mmoja alikuwa mwenyekiti aliyeanzisha wazo lenyewe. Hatumlaumu, alikuwa na ada za watoto watatu na alitegemea gawio lile. Tumempelekea mwaliko wa sherehe hii.

Wapo wanaotuuliza kama watoto wetu walipimwa. Watatu walipimwa damu, kwa gharama, baada ya kuhangaika kutafuta mahali panapopima. Majibu yao ni ya wazazi wao na hatutayaandika.

Tangu hapo uani kwetu hapakwanguliwi rangi ya zamani ikiwa kavu. Tunalowanisha, tunasugua kwa msasa wa maji, matope yake tunayakusanya kwenye karatasi la nailoni. Mbao zenye rangi kuukuu hatuzitii jikoni kama kuni. Kanga ya kazini inafuliwa peke yake, na mtoto haruhusiwi kuvuka kizingiti. Vitanda vya watoto vya zamani hatununui kabisa, hata vikiuzwa bei ya bure.

Sasa lile kabati la kijivu. Mweka hazina wetu wa kwanza alifiwa na mama yake mwaka 2021, na katika kugawana vitu yeye akapata kabati la vyombo, la kijivu, lile la enzi za foleni. Alilileta uani akataka tulikwangue rangi yote ibaki mbao, kwa sababu upande wa nyuma, ambako brashi haikufika, ilionekana mbao nyekundu yenye michirizi. Fundi wetu aliinusa, akasema huu ni mninga, tena wa zamani. Mninga wa leo unaujua bei yake, na mti wenyewe unachukua miongo mingi kufikia kupasuliwa mbao.

Tulitamani mno. Baadhi yetu walikwisha shika misasa. Lakini rangi ile ilikuwa ya miaka ya mwanzo ya 1980, hakuna aliyejua ina nini ndani, na juu yake ilikuwa imeshika imara, haijapasuka wala kubanduka. Muuguzi wetu akaeleza kwamba rangi ya namna hiyo ikiwa nzima, hatari yake ni ndogo ikifunikwa kuliko ikikwanguliwa. Kwa hiyo kupaka rangi mpya juu yake, jambo tuliloambiwa siku zote ni kuharibu mbao, ndilo lililokuwa salama. Mwenye kabati alikaa kimya kitambo. Alisema mama yake aliipaka rangi ile mwenyewe, jioni moja, kwa brashi ya kuazima, na kwamba alikuwa akijivunia.

Tulilowanisha uso wake, tukapitisha msasa laini kidogo tu ili kuondoa mng'ao, tukatanguliza rangi ya chini, kisha mikono mitatu ya rangi ya maji, bluu ya bahari. Vishikio vya shaba vilivyokuwa vimezibwa na rangi tuliviondoa tukaweka vingine. Ndani ya droo, ambako hakukuwahi kupakwa kitu, tuliacha mbao kama ilivyo, tukaipaka nta tu.

Mwenyewe hakulirudisha nyumbani, alisema nyumba yake ni ndogo. Liko ofisini kwetu, mkono wa kushoto ukiingia, na sanduku la kikundi lenye kufuli tatu linakaa humo. Droo ya juu inakwama wakati wa masika, na ukiivuta kwa nguvu unapata harufu ya mninga.